Kabla ya Kufuta Folda, Tazama Saa ya Seva

Fundi mmoja kijana wa Likasi ameniandikia akiuliza kama afute folda nzima kwenye seva yake na kuinakili upya, kwa kuwa faili zinazowekwa kwenye seva ya Lubumbashi hazimfikii tena. Namjibu hadharani, maana wengi wetu tunaotaka kula kwa kazi hii tumekutana na jaribu hilo hilo. Usifute kitu, ndugu yangu, kabla hujasoma kumbukumbu za matukio za DFS Replication, yaani huduma ya Windows inayonakili faili kati ya seva, na kulinganisha saa za mashine zote mbili.

Hivi karibuni niliitwa na kampuni moja ya hapa Lubumbashi ambayo tawi lake la Kolwezi lilikuwa limeacha kupokea faili. Mshauri aliyenitangulia, ambaye malipo yake sitayataja ingawa niliyasikia, alikuwa ameandika kwamba mtandao ni dhaifu na kwamba inunuliwe antena mpya. Kumbe mtandao ulikuwa mzima. Tukio namba 5002 lilisema wazi kwamba mawasiliano na seva nyingine yameshindikana, na ndani yake palikuwa na kosa namba 1398, yaani saa za mashine hizo zinatofautiana. Seva ya Kolwezi ilikuwa imetayarishwa Kinshasa, ambako saa iko nyuma ya yetu kwa saa 1. Ilipofika, mtu akaisogeza mbele kwa mkono badala ya kubadilisha saa za eneo (time zone), na alipoona inajirudisha yenyewe, akazima huduma inayoilinganisha na seva kuu. Kwa macho, saa ilikuwa sahihi kabisa. Lakini kwa hesabu ya UTC, yaani saa ya pamoja ya dunia, ambayo ndiyo mashine hutumia kati yao, seva hiyo ilikuwa mbele kwa saa nzima, ilhali Kerberos, inayothibitisha utambulisho, kwa kawaida huvumilia tofauti ya dakika 5 tu.

Nilirekebisha saa za eneo, nikawasha huduma ile, nikaamuru saa ilinganishwe upya (w32tm /resync), na foleni ya faili ikaanza kupungua. Antena haikununuliwa. Katika ripoti iliyopelekwa kwa wakubwa, hata hivyo, aliyeshukuriwa ni mshauri.

Tusomeni basi, vijana, kabla ya kutia mkono! Umeme ukikatika ghafla, jambo ambalo kwetu si habari, tafuteni tukio 2213: hifadhidata ya DFS Replication haikufungwa vizuri, na huduma hiyo inasubiri amri ya kuendelea, amri ambayo imeandikwa ndani ya tukio lenyewe. Wekeni kwanza nakala rudufu, kisha itekelezeni. Matukio 4202 na 4208 yakijirudia, eneo la matayarisho, yaani mahali faili zinapowekwa kwa muda zikisubiri kunakiliwa, ambalo kwa kawaida ni megabaiti 4096, limekuwa dogo kwa faili zenu. Liongezeni lizidi jumla ya faili 32 zilizo kubwa kuliko zote. Yote hayo yameandikwa, ila kusoma kunatushinda.

Wewe wa Likasi, anza na w32tm /stripchart /computer: ukimalizia kwa jina la seva ya Lubumbashi, uone tofauti ya saa, kisha unitumie namba ya kosa iliyo ndani ya 5002. Wala usikawie, kwa sababu kuanzia Windows Server 2012, folda iliyokaa bila kulinganishwa kwa zaidi ya siku 60 hukataliwa kwa tukio 4012, na hapo kazi itakuwa kubwa zaidi.