Mazoezi ya stringi ambayo sikio lako linaweza kuyasahihisha

Kila anayeanza kujifunza Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, hukutana na mazoezi yaleyale: geuza neno, hesabu irabu, tazama kama neno linasomeka sawa mbele na nyuma. Ni mazoezi mazuri. Shida ni kwamba huja na maneno ya Kiingereza, na mwanafunzi akishapata jibu hana namna ya kujua kama amepatia mpaka achungulie ukurasa wa majibu. Nimekaa na wanaoanza jioni nyingi, watu watatu au wanne kwenye laptopu moja, na ushauri ninaoutoa siku hizi ni mmoja: fanya mazoezi ya stringi kwa Kiswahili. Programu ikikosea, utasikia.

Kwa asiyejua, stringi ni maandishi yoyote unayoyafunga ndani ya alama za nukuu. Jina lako ni stringi. Ujumbe wa simu ni stringi. Hata namba ya simu ni stringi, na hapo nitarudi.

Anza na kugeuza. Andika `neno = "kuku"`, kisha `print(neno[::-1])`, utapata `ukuk`. Sasa tafuta maneno ya Kiswahili yanayobaki vilevile yakigeuzwa. Watu hukimbilia "baba", "dada", "kaka", na yote yanagoma. Waache wahangaike kidogo, kisha mmoja atang'amua: maneno yetu karibu yote huishia na irabu, kwa hiyo neno la namna hiyo lazima lianze na irabu. Hapo ndipo yanapoanza kutoka: ana, ada, ini, ili. Mwanafunzi mmoja alinipa "akika" na nikampigia makofi. Ukiwa na faili ya orodha ya maneno, mistari minne ya kodi, yaani maagizo ya programu, itakuletea mengine.

Kugeuza herufi moja moja, hata hivyo, hakufanywi na mtu yeyote mitaani. Kinachofanywa ni kinyume, ule mchezo wa watoto wa kuchukua silabi ya mwisho na kuileta mbele, ili wakubwa wasielewe: kitabu inakuwa bukita, nyumba inakuwa mbanyu. Hili ni zoezi bora kuliko lile la kwanza kwa sababu linakulazimisha kukata neno. Pita herufi moja moja, zikusanye, na kila ukikutana na irabu funga kipande:

```
def silabi(neno):
    vipande, kipande = [], ""
    for h in neno:
        kipande += h
        if h in "aeiou":
            vipande.append(kipande)
            kipande = ""
    return vipande

s = silabi("kitabu")
print("".join(s[-1:] + s[:-1]))
```

Ijaribu kwa "mtu". Programu inakuambia ni silabi moja na inalirudisha neno kama lilivyo. Sikio linasema mbili, m-tu, na mtoto yeyote aliyecheza kinyume angekwambia "tum". Hiyo ndiyo faida ninayoisema. Hakuna aliyekuandikia kwamba kodi ina kasoro, umeisikia mwenyewe.

Kutoka hapo nenda moja kwa moja kwenye mizani, yaani hesabu ya silabi katika mstari wa shairi. Hili ndilo zoezi ninalolipenda kuliko yote, na nikiwa na saa moja tu na mtu ningeitumia yote hapa. Mashairi yetu ya tarbia, kwa kawaida, yana mishororo minne kwa ubeti, kila mshororo mizani kumi na sita, nane kila upande. Kwa hiyo mstari una jibu linalojulikana kabla hujagusa kibodi. Chukua nusu ya methali: "Mtoto umleavyo". Ihesabu kwa vidole: m-to-to u-m-le-a-vyo. Nane. Sasa hesabu irabu kwa programu. Sita. Mbili zimepotelea wapi? Zipo kwenye zile m zinazosimama peke yake. Basi tunaongeza kanuni:

```
def mizani(mstari):
    mstari = mstari.lower()
    jumla = 0
    for i, h in enumerate(mstari):
        mbele = mstari[i+1:i+2]
        if h in "aeiou":
            jumla += 1
        elif h == "m" and mbele not in "aeioubvwy ":
            jumla += 1
    return jumla
```

Sasa inatoa nane. "Mchumba" inatoa tatu, sawasawa. "Mwalimu" tatu, sawasawa. Halafu mwanafunzi mkorofi anaingiza "mbwa" na kupata moja, wakati ni m-bwa. "Nchi" nayo inatoa moja. Zirekebishe hizo kwa orodha ndogo ya maneno ya pekee, usione aibu, hata programu za wakubwa zina orodha kama hizo. Ila kuna neno ambalo orodha haiwezi kuliponya: mbuni. Yule ndege ni mbu-ni, silabi mbili. Mti wa kahawa ni m-bu-ni, tatu. Herufi ni zilezile tano. Ukifika hapo umeona kwa macho yako kwamba stringi ni herufi zilizopangwa tu, maana haimo ndani yake. Nimewahi kuona watu wakielezwa jambo hilo kwa nusu saa wasiliamini, na mbuni akawamalizia kwa dakika moja.

(Usiniulize kama k ya "daktari" ihesabiwe mizani. Kaa na washairi wawili, uwasikilize wakibishana, kisha uandike kanuni ya yule aliyekununulia chai.)

Yapo mambo mawili yanayowakwamisha karibu wote, tuyapitie haraka. La kwanza: stringi haibadiliki. Ukiandika `neno.upper()` halafu ukachapisha `neno`, utaona herufi ndogo zilezile, kwa sababu Python imekupa nakala mpya na wewe umeiacha ipotee. Andika `neno = neno.upper()`. La pili: kibodi ya simu hupenda kuongeza nafasi baada ya neno na kukuza herufi ya kwanza, hivyo "Asha " na "asha" si kitu kimoja mbele ya kompyuta. Zoea kuandika `.strip().lower()` kwenye chochote kilichochapwa na binadamu.

Zoezi la wingi nalipenda kwa vituko vyake. Badilisha "mkulima" kuwa "wakulima". Wengi hukimbilia `replace("m", "wa")` na kupata "wakuliwaa". "Mwalimu" inatoka "wawaliwau", darasa linacheka, na hakuna atakayesahau tena kwamba `replace` hubadilisha kila inapokutana na herufi hiyo. Jibu ni kukata mwanzo tu: `"wa" + neno[1:]`. Kwa mwalimu, itabidi ufikiri zaidi kidogo, maana kuna w njiani.

Ukishachoka na michezo, ingia kwenye kazi za mkate. Tengeneza orodha ya namba za simu zilizoandikwa hovyo, kama zinavyofika kutoka kwenye daftari la kikundi cha kuweka na kukopa: nyingine zinaanza na sifuri, nyingine na 255, nyingine zina alama ya jumlisha, nyingine zina vistari na nafasi katikati. Zilinganishe zote. Usizigeuze kuwa namba za hesabu, sifuri ya mwanzo itaondoka na hutajua ilipo. Chuja tarakimu kwa `isdigit()`, chukua tisa za mwisho kwa `[-9:]`, bandika "255" mbele. Kenya weka 254, Uganda 256, tisa ni zilezile.

Kisha jaribu neno "ng'ombe". Lina herufi saba kwa hesabu ya `len`, na `isalpha()` inakataa kwamba ni herufi tupu kwa sababu ya ile alama ya ritifaa ('). Baya zaidi, kibodi nyingi za simu huweka alama iliyopinda, ’, badala ya iliyonyooka, na kwa Python hayo ni maneno mawili tofauti kabisa. Hili lina gharama ya fedha. Ujumbe mmoja wa SMS hubeba herufi 160, lakini alama moja tu iliyo nje ya jedwali lake la kawaida, na ile iliyopinda ni mojawapo, huushusha hadi 70. Anayewatumia wafugaji mia tano tangazo la chanjo ya ng’ombe anaweza kulipa mara mbili au tatu bila kujua sababu. Zoezi: andika programu inayopokea tangazo, inanyoosha alama hizo, na kukuambia litakuwa jumbe ngapi. Ujumbe ukikatwa vipande, kila kipande hubeba 153, au 67 kwa ule wenye alama iliyopinda.

Ukitaka moja la kuondoka nalo, geuza "19:30" kuwa "saa moja na nusu usiku". Kata kwa `split(":")`, geuza saa kuwa namba kwa `int()`, toa sita, chukua baki ya kumi na mbili. Saa kumi na mbili itakutolea sifuri, na hakuna asemaye saa sifuri, kwa hiyo `(saa - 6) % 12 or 12`. Kazi inabaki kwenye neno la mwisho: 05:00 ni alfajiri au asubuhi? 16:00 ni alasiri au jioni? Waulize wa nyumbani kwako kabla ya kuandika `if` ya kwanza, maana hawatakubaliana.