Uliza Kocha: Watoto wanaukwepa mpira badala ya kuudaka

SWALI: Shikamoo kocha. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Tabata, mwaka huu nimeambiwa nianzishe timu ya softiboli, ule mchezo ndugu wa besiboli, watoto wangu ni wa darasa la pili mpaka la nne. Kurusha wanarusha, na ile fimbo ya kupigia ndo usiseme, wanaigombania. Ila kudaka hakuna kitu. Mpira ukija mtoto anafumba macho anageuza shingo, wengine wanaruka pembeni kabisa wenzao wanacheka. Tuna glovu sita za mtumba, kubwa kubwa, na mipira miwili ile migumu ya mechi. Kila siku nawaambia waangalie mpira lakini wapi. Nianzie wapi?
*Mwalimu, Tabata*

JIBU: Marahaba mwalimu, pole na hongera kwa pamoja. Hao watoto mikono yao haina shida yoyote, wamelelewa na rede tu. Hebu fikiria, mtoto wa Dar tangu hajaanza shule anasimama katikati, mrushaji mmoja huku mwingine kule, mpira wa soksi unakuja anainama, anaruka, anapinda kiuno, ukimgusa katoka, na anayekwepa vizuri ndo anashangiliwa mtaa mzima. Leo wewe unamwambia asimame wima mpira umjie kifuani. Yeye anakusikia, shingo ndo haisikii.

Alafu tuseme ukweli, kuuogopa wana haki. Mpira wa mechi una mzunguko wa inchi 12, karibu sentimita 30, na uzito wa gramu 178 mpaka 198, wakati ule wa tenisi haufiki hata gramu 60. Kitu kizito mara tatu ya mpira wa tenisi, kigumu, kinamjia mtoto wa miaka minane usoni, na mkononi kavaa glovu ya mtu mzima inayomwelea, hata mimi ningeruka pembeni.

Kwahiyo hiyo mipira miwili ifungie ofisini kwanza, na glovu zikae hukohuko. Najua watoto watanuna maana glovu ndo sifa yenyewe, ila waambie mchezo huu ulipoanza Chicago mwaka 1887 watu walicheza ndani ya ukumbi na glovu ya ndondi iliyofungwa kamba ikawa ndo mpira wao, na mpaka leo Chicago kuna watu wazima wanacheza na mpira mkubwa wa inchi 16 wanadaka kwa mikono mitupu. Watatulia.

Shona mipira ya soksi, kama ile ya rede tu ila ijaze vizuri iwe mikubwa kidogo, ijae kwenye viganja viwili vya mtoto. Waanze kila mtu peke yake, anarusha juu kidogo anadaka mwenyewe, akizoea anarusha anapiga kofi moja kisha anadaka, hapo utaona kelele na furaha na hakuna anayekwepa, maana mpira kaurusha yeye. Wakishachangamka ndo unawapanga wawili wawili, hatua tatu tu kati yao, na kurusha kuwe kwa mkono unaotokea chini, mpira upande kidogo ushukie kifuani kwa mwenzake. Mrushaji ukiweza awe wewe au mtoto wa darasa la sita, mtoto wa la pili anarusha ovyo, mmoja unaenda mtini mwingine miguuni, alafu tunamlaumu mdakaji.

Sasa macho, na hapa nakaa kidogo kwa sababu ndo swali lako lilipo. Ukisema "angalia mpira" mtoto anaangalia pale unapotoka mkononi kwako, akiona unakaribia anafumba. Wewe usimwamuru, muulize. Chukua mipira ya soksi mitatu minne, kila mmoja ushonee kiraka cha rangi yake, mwekundu, kijani, njano, kidogo tu ukubwa wa sarafu, iweke kwenye mfuko asione unatoa upi. Unarusha, kazi yake ni kutaja rangi kabla mpira haujagusa mikono. Akitaja sawa ana pointi, hata kama mpira umemdondoka! Hiyo pointi ya aliyedondosha usiifute hata wenzake wakilalamika, ndo dawa yenyewe. Mtoto anayetafuta kiraka hana nafasi ya kufumba macho, na baada ya muda utashtuka anadaka bila kujua kwamba anadaka.

Mikono nayo. Magoti yakunjwe kidogo, viwiko vilegee, mikono ikae mbele ya mwili ili mpira na mikono vyote avione kwa pamoja. Mpira ukija juu ya kiuno vidole vinaangalia juu na gumba linakaribia gumba, ukija chini ya kiuno vidole vinaangalia chini na vile vya mwisho ndo vinakaribiana. Rahisi kusema. Kosa la kila mgeni ni kukinga kama anapokea sadaka, viganja juu, hata kwa mpira wa kifuani, matokeo yake mpira unateleza kwenye mikono unapanda mpaka kidevuni, na mtoto akishapigwa kidevu umerudi mwanzo kabisa. Ule unaokuja kiunoni penyewe unawachanganya hata wakubwa, mfundishe akunje magoti zaidi ashuke, akishashuka unakuwa mpira wa kifuani.

Wale wanaodaka kwa kupiga kofi, mpira unagonga viganja unaruka, wakumbushe mdako. Wakae chini kabisa na kokoto zao wacheze. Kwenye mdako hakuna anayelipiga kofi jiwe likishuka, mkono unashuka nalo. Basi mpira nao hivohivo, unapofika mikono inarudi nyuma kidogo kuelekea kifuani. Wasichana wako waliozoea netiboli hili watalipata haraka kuliko wavulana, watumie kama mfano, wavulana wataumia roho watajitahidi.

Kabla ya glovu kuna hatua moja inaitwa kandambili, jina nimeipa mimi. Mtoto anavaa kandambili kwenye ule mkono utakaovaa glovu, vidole vinapita kwenye mikanda, soli inatazama mpira. Rusha mpira wa soksi, baadae wa tenisi. Soli haishiki kitu, kwahiyo lazima mkono wa pili uje kuufunika mpira, na huo ndo mkono wa kurushia, umeshaufuata mpira ulipo. Timu nyingi za watoto zinapoteza mipira kwa kudakia mkono mmoja kwa maringo. Kandambili inayakata yote.

Glovu sasa. Sita zinatosha, sita wanavaa wengine wanaendelea na soksi na kandambili, mnabadilishana, usipange mstari wa watoto thelathini wanamsubiri mmoja maana hapo utakuwa unafundisha kusubiri. Ukipita soko la mtumba la Karume tafuta za inchi 10 au 11, mara nyingi namba imeandikwa kwenye ngozi, hizo za inchi 12 na 13 ni za wakubwa. Kama ni ngumu haifungiki weka mpira ndani ifunge na tyubu ya baiskeli usiku kucha, rudia mpaka ngozi ilegee, na usiianike juani. Mipira migumu irudi mwisho kabisa, na ukipata ya inchi 11 kwa umri wao ni bora kuliko ya 12.

Mipira ya juu sana usiiguse mpaka hii ya kifuani iwe imekaa. Siku ikifika, hatua ya kwanza ya mtoto iwe ya kurudi nyuma, kukimbia mbele ni rahisi kuliko kurudi kinyumenyume, na mikono ikae mbele ya paji la uso, isizibe macho. Na saa kumi jioni wapange jua liwe mgongoni kwao, wewe ndo ulitazame.

Ukipata nafasi omba ruhusa uwapeleke pale Azania Sekondari, kuna uwanja wa besiboli uliojengwa kwa msaada wa Wajapani. Wakiona uwanja wenyewe ulivyo watarudi na ari nyingine.

SWALI: Kocha habari. Mwanangu alidaka mpira ukampiga kwenye ncha ya kidole, kimevimba, bibi yake anataka akivute kirudi sawa. Niruhusu?
*Mama wa watoto wawili, Mbagala*

JIBU: Usiruhusu mama, na bibi mwombe radhi kwa heshima zote. Kidole hakivutwi wala hakichuliwi kikiwa bado kibichi hivo, unaweza ukaongeza madhara. Funga barafu kwenye kitambaa, mwekee kama dakika 10 mpaka 15, rudia mara kadhaa kwa siku, mkono ukae juu. Kama kimepinda, au hawezi kukikunja wala kukinyoosha, au ncha imelala haiinuki yenyewe, mpeleke hospitali apigwe picha leoleo. Akipona akirudi uwanjani mwambie kocha wake asome jibu la juu, hasa pale pa vidole kuangalia juu, maana vidole vikielekezwa mbele kama mkuki ndo ncha zinapogongwa.

SWALI: Mdogo wangu anatumia kushoto, kocha wao anamlazimisha avae glovu mkono wa kushoto kama wenzake. Ni sawa?
*Kaka mtu, Ukonga*

JIBU: Si sawa kaka. Glovu inavaliwa mkono usiorusha, kwahiyo yeye ni ya mkono wa kulia, na zipo ila kwenye mtumba ni za kubahatisha, ukiiona nunua hapohapo. Wakati anasubiri adake kwa mikono mitupu na mpira laini, asifundishwe kurusha kwa kulia kisa glovu. Na mwambie huyo kocha amjaribu kwenye beisi ya kwanza, kile kituo cha kwanza anachokimbilia mpigaji, mshoto pale glovu yake iko upande wa kulia, ndani ya uwanja, na akishadaka anarusha beisi ya pili au ya tatu bila kugeuza mwili mzima.