Pasta anataka nitie sahihi risiti ya uongo

*Shikamoo shangazi. Mimi ni mhazini wa kanisa letu hapa Nakuru. Mwanasiasa alituletea sh300,000 za mabati. Pasta anataka niandike risiti ya sh200,000, na katika zinazobaki nipewe 40,000. Mume wangu anasema Mungu amejibu maombi, maana karo imetushinda. Nikikataa, nitaonekana napingana na mtumishi wa Mungu. Nifanyeje?*

Marahaba, mwanangu. Usitie sahihi. Najua mtoto akifukuzwa shule kwa ajili ya karo ni wewe utakayemtazama usoni, si pasta. Lakini kama haya ni majibu ya maombi, mbona yanahitaji risiti ya uongo?

Soma 2 Wafalme 5. Nabii Elisha alikataa zawadi za Naamani, jemadari aliyeponywa ukoma. Gehazi, mtumishi wake, akamkimbilia jemadari huyo nyuma ya mgongo wa bwana wake, akamdanganya kuwa wamepata wageni, akarudi na talanta mbili za fedha na mavazi mawili, akavificha nyumbani. Alipoulizwa ametoka wapi, akasema hakwenda popote. Uongo wa pili huo, wa kufunika wa kwanza. Akatoka pale na ukoma. Naye alikuwa akiishi na nabii! Kwa hiyo hilo la "mtumishi wa Mungu" lisikutishe.

Tena Novemba 2024 Askofu Mkuu wa Nairobi, Philip Anyolo, aliagiza sh2.6 milioni alizotoa Rais Ruto kwa kanisa Katoliki la Soweto, hapo Nairobi, zirudishwe, ingawa nyingi zilikuwa za kujenga nyumba ya mapadri. Wewe hujaambiwa urudishe kitu. Unaandika tu mlichopokea.

Mwambie pasta mkiwa wawili, bila kumhubiria: "Pasta, nitaandika laki tatu." Akishikilia lake, peleka kitabu cha risiti kwa wazee wa kanisa. Wakikuvua uhazini, kabidhi vitabu kwa maandishi mbele ya mashahidi, nawe ubaki na nakala. Siku ya ukaguzi itatafutwa sahihi yako, si yake.

Kuhusu karo, nenda mwenyewe kwa mwalimu mkuu uombe kulipa kidogo kidogo, kisha uulizie kama kuna fomu za basari ya NG-CDF, ule mfuko wa maendeleo wa eneobunge, katika ofisi ya eneobunge lenu. Mumeo usigombane naye, ni karo inayomsemesha. Mweleze tu kwamba hizo 40,000 zitaisha, na pasta atabaki ameshika siri yenu.