Injini ya turbo ya Impreza: pesa ya kwanza iende kwenye oili

Wengi wanaotaka kuijenga upya EJ20, injini ya lita 2 ya Subaru Impreza, huanza kwa kununua turbo kubwa na pistoni za foji (zilizofuliwa ziwe imara zaidi). Sisi tunashauri kinyume chake. Injini hizi, hasa zile za mtumba kutoka Japani, hufa zaidi kwa kukosa oili na kwa joto. Ukivimaliza hivyo viwili kwanza, hata pistoni za kiwandani zitakutunza muda mrefu.

Anza na pampu ya oili. Ifungue nyuma uangalie skrubu za lile bamba dogo. Hulegea taratibu, presha ikashuka, na dereva asijue mpaka beringi za konrodi (mikono inayounganisha pistoni na krenki) zianze kugonga. Zitoe, zisafishe, zirudishe kwa gundi ya nyuzi. Kisha kagua bomba la kunyonyea lililo ndani ya sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini: kwenye kiungo chake huweza kupata ufa mwembamba kama unywele, likavuta hewa badala ya oili. Weka lililoimarishwa. Ndani ya bolti ya bomba linalopeleka oili kwenye turbo, injini nyingi za EJ zina wavu mdogo wa kuchuja. Ukiziba, turbo inakauka na shafti yake inakatika.

Kama injini iliwahi kuua beringi, usirudishe kipoza oili cha zamani. Vipande vya chuma hujificha humo na hakuna namna ya kukisafisha ukawa na uhakika. Tumeona beringi mpya kabisa zikiliwa kwa sababu ya kipuri hicho kimoja.

Kwenye kupima, kataa fundi anayepima kwa kidole. Silinda ya EJ20 ina kipenyo cha mm 92 na pistoni hutembea mm 75. Nafasi ya oili kwenye beringi za krenki na za konrodi tunalenga mm 0.04 hadi 0.05, kwa maikromita, siyo kwa kukisia. Mwanya wa ringi ya juu uwe mm 0.41 hadi 0.46, na ya pili iuzidi kidogo. Ukiubana, ringi ikipata moto ncha zake zinakutana, zinakwaruza silinda na kuvunja kingo za pistoni. Silinda zichongwe bamba la chuma likiwa limefungwa juu ya bloku kwa nguvu ileile ya hedi, maana bolti zikikazwa silinda hubadilika umbo. Timing belti, tenshena na rola zake zote ziwe mpya: belti ikikatika, valvu zinagonga pistoni.

Sasa hali ya hapa kwetu. Dodoma iko kiasi cha mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, presha ya hewa ni kama kPa (kilopaskali) 89, wakati Dar ni 101. Geji ya turbo ikisoma bar 1 (kPa 100 juu ya hewa ya nje), hapa injini inapata kPa 189, Dar inapata 201. Ukitaka kulingana na Dar, turbo inabidi igandamize hewa karibu mara 2.26 badala ya mara 2, na hewa hiyo hutoka ya moto zaidi. Turbo ndogo ya kiwandani haipendi hilo. Kuna mtego mwingine: gari likitiuniwa hapa kwa kontrola ya mkono ya presha ya turbo hadi ukingoni, likishuka Dar linapata hewa nzito zaidi na petroli kuanza kulipuka vibaya ndani ya silinda (kugonga). Acha nafasi ya usalama. Tiuni za Japani zilikusudiwa petroli ya oktani 98 hadi 100, na ya pampu zetu haifiki huko, kwa hiyo punguza taiming ya cheche za plagi kabla hujaongeza msukumo wa turbo. Turbo ikisukuma, mchanganyiko uwe sehemu 11 hadi 11.5 za hewa kwa moja ya petroli, usomwe kwa sensa pana ya oksijeni (wideband) kwenye ekzosi. Plagi ziwe baridi hatua moja kuliko za kiwandani, mwanya mm 0.7.

Vumbi la kiangazi hula mapezi ya turbo. Filta ya wazi iliyokaa karibu na bampa haifai huku. Tumia boksi lililofungwa, na kagua mpira wa kuingiza hewa kama una nyufa. Maji ya visima vya Dodoma yana chumvi, usiyatie kwenye rejeta. Tumia kuulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa. Mlima wa Nyang'oro, ukitoka Mtera kwenda Iringa, ndio mtihani halisi: geji ya joto ikipanda pale, tatizo lilikuwepo tangu nyumbani.

Weka geji ya presha ya oili. Injini ikiwa ya moto, kwenye sailensa (inanguruma bila kukanyaga mafuta) isipungue bar 1, na kwenye mizunguko 4,000 kwa dakika isome bar 3 au zaidi. Oili ya 5W-40 ya sinthetiki, ibadilishwe kila kilomita 4,000, na kijiti cha kupimia oili ukiangalie kila unapojaza petroli. Hata hivyo, injini mpya ianze na oili ya madini. Imwage baada ya kilomita 80, pasua filta na uikunjue juani. Unga laini wa kijivu ni wa kawaida. Ukiona magamba yanayong'aa, usiwashe tena. Shusha sampu uangalie beringi.