Re: Vidonge vya homoni ya ukuaji, vinasaidia kweli?

Papa, umeuliza kama vile vidonge vya homoni ya ukuaji vinavyouzwa sokoni Kadutu vitakurudishia nguvu sasa umefikisha miaka 52. Usitupe pesa. Homoni ya ukuaji ni protini. Ukiimeza, tumbo linaisaga kama linavyosaga samaki wadogo wa sambaza. Ile ya kweli hudungwa kwa sindano, na daktari ndiye anayeiandika, baada ya vipimo.

Kupungua kwake na umri ni kawaida, si ugonjwa. Lakini angalia usingizi wako. Tezi iliyo chini ya ubongo humwaga sehemu kubwa ya homoni hiyo usiku, katika saa za kwanza za usingizi mzito. Nawe umesema unakula bugali saa nne, unalala saa saba, simu mkononi! Sukari ikipanda kwenye damu, homoni hiyo hushuka. Mimi nilisogeza chakula hadi saa moja jioni. Mama watoto alinicheka wiki nzima, ila sasa nalala kama mtoto.

Mazoezi nayo huipandisha: panda kilima kwa haraka hadi upumue kwa nguvu, pumzika, rudia. Bukavu vilima ni vya bure. Kitambi nacho huibana homoni hiyo, kipunguze. Kama una presha, pita kwa daktari kabla ya kuanza kupanda.