Rangi si mafuta: mkuu, hizo risasi usizishindilie kwenye gobore la mteja

Mkuu, ngoja kwanza. Nimeusoma uzi wako nikiwa kwenye hiace ya Sakina nikashuka kituo kisicho changu ili nikujibu. Umesema mteja wenu Mmarekani anakuja Julai msimu ukifunguliwa, ana gobore la kisasa la .50 (mtutu wa nusu inchi, unaoshindiliwa kupitia mdomoni), na amekutumia picha za risasi atakazokuja nazo, zimepakwa rangi ya unga na kuokwa. Unauliza kama bado zinataka mafuta, baruti iwe kiasi gani, fataki (vikofia vya kuwashia baruti) zinapatikana wapi, na vibali vikoje; mimi nakujibu la mafuta. Halafu kuna mtu kakujibu, "rangi ndiyo mafuta yenyewe, shindilia tu." Huyo ndiye kanipandisha presha.

Maneno hayohayo niliambiwa na jamaa mmoja wa hapa Arusha anayejiita mtaalamu wa silaha. Maisha yake yote anapiga bastola za kisasa. Kwenye bastola hajakosea sana: baruti isiyo na moshi inaungua karibu yote, na rangi inazuia madini ya risasi (lead) yasigandie ndani ya mtutu. Baruti nyeusi ni habari nyingine kabisa. Ile ni shura (aina ya chumvi) asilimia 75, mkaa 15, salfa 10, na zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki gesi. Nyingine inatoka na moshi, nyingine inabaki mtutuni, ukoko mtupu. Nta na mafuta ya mnyama kazi yake ni kuulainisha huo ukoko ili risasi inayofuata iteremke. Sasa rangi iliyookwa ikawa ngumu italainisha nini?

Mimi nilimsikiliza. Tulikuwa na mteja wangu wa wakati huo tunapima shabaha nje ya mji kabla ya kuingia porini, risasi za rangi bila mafuta, jua kali, vumbi. Risasi ya kwanza iliteremka yenyewe, nikawacheka wazee wa nta. Zilizofuata zikaanza kudai nguvu. Mwishowe naning'inia kwenye mdeki, ule ufito wa kushindilia, kwa uzito wangu wote, na mimi si mtu mwembamba, waliokula na mimi Kwa Mrombo wanajua. Mdeki una alama iliyochanjwa kwa wembe: ikilingana na mdomo wa mtutu, ujue risasi imeikalia baruti. Safari hii alama ikagoma juu, shubiri nzima. Nikampigia mtaalamu. "Piga tu, itajisafisha."

Ikajisafisha kweli.

Mlio ulikuwa wa kawaida, hata mteja hakushtuka. Nilipopitisha kiganja juu ya mtutu ndipo nikakutana na uvimbe, chatu aliyemeza mbuzi. Ukichungulia ndani kuelekea mwanga unaona pete nyeusi imezunguka. Ndivyo inavyokuwa: risasi ikisimama njiani na kuacha nafasi juu ya baruti, presha inakwenda kupiga palepale iliposimama. Na hapo tulibahatika. Mitutu mingine hupasuka, na mkono wa kushoto wa mpigaji unakuwa jirani kabisa.

Mteja akadai mtutu mpya. Kampuni ikalipa, kwa maana ya kwamba mshahara wangu ulilipa. Mtaalamu akasema labda risasi nilizioka vibaya. Mimi! Zimeokwa Texas, mimi oveni naiona kwa jirani. Namba yangu kaiblock, ila magrupu bado anafundisha.

Tena kuna jambo watu wa rangi hawaligusi. Risasi ndefu ya gobore kwa kawaida inatakiwa iwe ya lead laini isiyochanganywa. Tangu Minié, ofisa wa jeshi la Ufaransa, alipoibuni risasi yake mwaka 1849, ile yenye kitako cha shimo inateremka kwa urahisi, halafu gesi ikiisukuma kitako kinatanuka na kung'ata mistari iliyochongwa ndani ya mtutu. Nyingi za hizi za rangi zimetengenezewa bastola, ni ngumu, hazitanuki vizuri, na rangi inaongeza unene. Kama ana zile za duara za kufungia kitambaa, sina ugomvi, kitambaa kinabeba mafuta. Lakini kitambaa kikavu, hapana. India mwaka 1857 askari waliasi, na mojawapo ya sababu ni fununu za mafuta ya ng'ombe na nguruwe kwenye karatasi za risasi. Uingereza ingekuwa na njia ya kukwepa mafuta, si ingeyakwepa hapo?

Kwa hiyo mwambie mteja hizo aziache kwao, alete za lead laini zisizo na rangi, mafuta mtamtengenezea nyie. Baruti na fataki asithubutu kuzitia kwenye begi, ndege za abiria hazizipokei.

Mafuta yenyewe: nunua nta safi ya nyuki, nenda kwa wauza kondoo uombe mafuta ya figo, yayeyushe kwa moto mdogo, chuja, changanya na nta. Yakipoa, kwangua kwa ukucha. Yakiacha alama bila kulowesha kidole, yako sawa, na kama mnakwenda kwenye joto ongeza nta. Usitie girisi ya gari wala oili, vikikutana na baruti nyeusi vinageuka lami. Kati ya mlio na mlio pitisha kitambaa chenye unyevu. Jioni osha mtutu kwa maji ya moto na sabuni, kausha, paka mafuta, maana ule ukoko unavuta unyevu na kutu haingoji kesho.

Ukikosa kondoo njoo PM, nina kopo zima na huku hakuna anayelitaka, mke wangu amesharudisha mara mbili toka jikoni.