Upinde wa kwanza wa kampaundi: pima mikono kwanza, paundi baadaye

Wadau mnaonifuata inbox na swali la "kaka upinde gani mkali ninunue", jibu langu ni lilelile na najua halifurahishi: siwezi kukutajia upinde kabla sijajua mikono yako ina urefu gani. Watu wanataka nitaje kampuni na paundi 70 tu, yaani uzito wa kuvuta upinde, wakalipie. Mimi nipo Uyole, Mbeya, nalenga shabaha nyuma ya nyumba jioni nikitoka kwenye mihangaiko, na niliowaona wakianza huu mchezo kwa mbwembwe halafu wakaacha, wengi wao upinde ulikuwa mzuri tu ila haukuwa saizi yao.

Upinde wa mti kama wa babu zetu unavyozidi kuvuta ndio unavyozidi kuwa mzito. Kampaundi ni habari nyingine. Ina kamu, yaani vile vigurudumu vya kwenye ncha mbili, kitu alichokibuni Mmarekani mmoja anaitwa Holless Wilbur Allen kule Missouri akapewa hataza mwaka 1969, na ujanja wake ni kwamba ukianza kuvuta unapambana na uzito wote halafu karibu na mwisho mzigo unashuka ghafla, kwenye pinde nyingi za sasa unashuka kama asilimia 80 hivi. Kwa hiyo upinde wa paundi 60, ukishauvuta wote, umeshikilia kama 12 tu, unatulia, unalenga kwa raha zako. Sasa tatizo ni kwamba ule mwisho wa kuvuta umefungwa sehemu moja. Kama umewekwa mbali kuliko mkono wako, utajikuta unarudisha kichwa nyuma, bega linapanda, uzi unakuchapa mkono wa mbele mpaka unavimba, na hapo hata uwe na paundi mia hupigi kitu.

Kupima ni rahisi. Azima tepu ya fundi cherehani, ile yenye inchi upande mmoja, simama mgongo ukutani, nyoosha mikono pembeni bila kujivuta, mtu akupime kutoka ncha ya kidole cha kati mpaka ncha ya kidole cha kati, halafu gawanya kwa 2.5. Mwenye sentimita 178 ana inchi 70, ukigawanya unapata 28, basi urefu wake wa kuvuta ni inchi 28. Ukiangukia katikati ya saizi mbili chukua fupi, wala usibishane. Na hapohapo angalia jicho lako kuu ni lipi: tengeneza kitundu kwa viganja, tazama kitu cha mbali kwa macho yote mawili halafu funga jicho mojamoja, lile ambalo kitu hakihami ndilo lenyewe. Jicho la kulia linataka upinde wa kushika kwa kushoto na kuvuta kwa kulia, ambao ndio huuzwa kama upinde wa mkono wa kulia, na watu hujichanganya sana hapa wakati wa kuagiza.

Haya, paundi. Kipimo changu ni kiti. Kaa kwenye kiti, elekeza mshale kwenye shabaha, vuta taratibu bila kuinua upinde juu mbinguni. Ukishindwa, punguza. Kuna majimbo kadhaa Marekani sheria inaruhusu kuwinda deer, mnyama wa kule anayefanana na swala, kwa paundi 35 au 40, sasa wewe wa kupiga gunia nyuma ya jiko 70 za nini? Na sisi watu wa baridi tuna la ziada. Mwezi wa sita na wa saba huku, na ndugu zangu wa Makete na Njombe ndio kabisa, misuli imekakamaa na umevaa jaketi la mtumba lile nene, upinde ambao mwezi wa kumi uliuvuta kwa shida sasa hauvutiki, na ukivutika uzi unakwaruza mkono wa jaketi mshale unakwenda kwa jirani. Nunua kinga ya mkono ya kubana nguo, na anza paundi 40 au 45 kwa mwanaume wa kawaida, wanawake na vijana chini ya hapo.

Kwa sababu hiyo napenda pinde zinazorekebishika. Diamond Infinite Edge Pro inakwenda paundi 5 mpaka 70 na urefu wa kuvuta inchi 13 mpaka 31, Bear Cruzer G2 nayo 5 mpaka 70, inchi 12 mpaka 30. Kurekebisha ni alenki tu, huhitaji ile mashine ya kubana upinde, na mimi hapa Mbeya sijaona fundi mwenye nayo. Mama watoto anapiga, kijana anapiga, upinde mmoja. Wataalamu watakuambia hizi hazina spidi. Spidi zinazoandikwa kwenye boksi hupimwa kwa paundi 70, inchi 30 na mshale mwepesi wa greni 350 (greni ni kipimo kidogo cha uzito), wewe wa inchi 28 na paundi 45 hutaiona hiyo namba hata ukinunua wa bei mbaya.

Ukipata used, pitisha pamba kwenye zile sehemu mbili za upinde zinazopinda, juu na chini, ikinasa nyuzi ujue kuna ufa, achana nao. Uzi ukiwa na manyoya manyoya weka bajeti ya kubadilisha. Na ukishuka nao Usangu au Pawaga kwenye joto usiuache kwenye gari lililofungwa vioo.

Mishale sasa. Ugumu wake lazima uendane na paundi zako na urefu wako, na namba za ugumu zinakwenda kinyume, 500 ni laini kuliko 400, kwa hiyo angalia chati ya mtengenezaji. Uzito usishuke chini ya greni 5 kwa kila paundi. Ule wa kaboni ukunje kidogo kabla ya kupiga, ukisikia unalia kwa ndani vunja tupa, maana ukipasukia kwenye upinde unaingia mkononi. Na kuvuta ukaachia bila mshale ni marufuku, nguvu yote inarudi kwenye upinde wenyewe, uzi unakatika au zile sehemu za kupinda zinapasuka. Wageni ndio hatari, anakuja shemeji "hebu nijaribu", anavuta, anaachia. Ficha.

Shabaha usinunue. Jaza gunia matambara ya mitumba, yale ya kutupa hupatikana Mwanjelwa, ila toa zipu na vifungo, shindilia haswa. Maranda hayafai, mshale unapita. Nyuma yake weka tuta la udongo refu kukuzidi, sio ukuta wa tofali wala mabanzi ya mlingoti, na mwambie mwenyekiti wa mtaa mapema kabla hajaambiwa na jirani mwenye kuku.

Wanaouliza kuwinda: huku ni leseni, ipo Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, na kwenye pori la akiba huingii na upinde wala mshale bila kibali cha maandishi, vimetajwa pamoja na bunduki kabisa, kwa hiyo ile ya "nilikuwa napita tu" ukikutwa Mpanga Kipengere au Rungwa haikusaidii. Nenda TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, uulize kabla hujanunua chochote cha kuwindia. Zile ncha za wembe ziache dukani kwa sasa, gunia la matambara litachanika wiki hiyohiyo.